Kwenda bila Kurudi: Glaida za Vita vya Pili vya Dunia

Jumapili ya Agosti 1, 1943, maelfu ya wakazi wa St. Louis, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, walifurika uwanja wa ndege wa Lambert kuitazama ndege ya kijeshi iliyoundwa mjini mwao. Ndege yenyewe haikuwa na injini wala pangaboi. Meya William Dee Becker alipanda pamoja na wakubwa wengine wa mji, naye William Robertson, ambaye kampuni yake ndiyo iliyoiunda, akaketi miongoni mwao. Ndege kubwa ya uchukuzi ikaivuta kwa kamba hadi juu, na baada ya muda kamba ikafunguliwa. Mara bawa moja likang'oka. Ndege ikaporomoka mbele ya umati, na watu wote 10 waliokuwamo wakafa.

Wachunguzi walikuta chanzo katika kipande cha chuma kilichounganisha nguzo ya bawa na mwili wa ndege. Kilikuwa kimechongwa kikawa chembamba kuliko kipimo kilichotakiwa, na wakaguzi walikipitisha bila kukishtukia. Karakana iliyokitengeneza ilikuwa imepewa kazi hiyo kwa zabuni, na kabla ya vita ilijulikana kwa kutengeneza majeneza.

Ndege za namna hiyo ziliitwa glaida. Majeshi yalizipenda kwa sababu ziligharimu kidogo: mbao, mabomba ya chuma, kitambaa na gundi. Lakini kilichopunguzwa katika bei kililipwa kwa namna nyingine. Glaida haikuwa na injini ya kuirudisha juu rubani akikosea, wala askari waliokuwa ndani hawakupewa miamvuli. Kila kitu kilitegemea usahihi wa watu: fundi kiwandani, rubani wa ndege inayovuta, rubani wa glaida yenyewe, na ofisa aliyechora mpango. Mahali ambapo wote hao walipewa muda wa kujiandaa, glaida ilifanya mambo ambayo hakuna chombo kingine cha wakati huo kingeyaweza. Mahali ambapo mambo yalifanywa pupa, iliua watu wake yenyewe kabla hawajamwona adui.

Wajerumani ndio waliotangulia. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwanyima jeshi la anga, kwa hiyo vijana wao waliopenda kuruka wakageukia glaida za michezo, hasa kwenye mlima Wasserkuppe, ambako mashindano yalianza mwaka 1920. Miaka ya 1930 ilipofika, nchi ilikuwa na marubani wengi waliojua kuusoma upepo. Kutoka kwenye mchezo huo ikazaliwa DFS 230, glaida ya kijeshi iliyobeba watu tisa au kumi, rubani akiwa mmoja wao.

Alfajiri ya Mei 10, 1940, glaida 11 za aina hiyo ziliondoka Cologne zikielekea Eben-Emael, ngome kubwa kuliko zote za Ubelgiji, iliyolinda madaraja ya Mfereji wa Albert. Ngome ile ilikuwa imejengwa kuzuia jeshi linalokuja kwa miguu na kwa vifaru. Mizinga yake ilikaa ndani ya zege na chuma, na pembeni kulikuwa na mfereji mpana. Paa lake, hata hivyo, lilikuwa uwanda wa majani usiokuwa na waya wala mabomu ya kutegwa. Hapo ndipo glaida tisa zilipotua. Wanaume waliokuwamo walibeba baruti ya aina mpya, iliyofinyangwa ikiwa na uvungu upande wa chini ili nguvu ya mlipuko ikusanyike mahali pamoja na kutoboa chuma. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa miezi kadhaa kwa siri kubwa, kila kundi likijua mzinga wake.

Kamanda wao, Luteni Rudolf Witzig, hakuwa nao. Kamba ya glaida yake ilikatika mapema akatua shambani karibu na Cologne, akalazimika kutafuta ndege nyingine ya kumvuta, na alifika saa kadhaa baadaye. Alikuta kazi kubwa imekwisha. Sajini mmoja, Helmut Wenzel, alikuwa ameshika uongozi, na kwa kuwa kila mtu alijua sehemu yake hapakuwa na wa kusubiri amri. Siku ya pili ngome yenye mamia ya askari ilijisalimisha kwa kikosi kilichoanza na watu 85, na Wajerumani waliokufa juu ya paa lile walikuwa sita tu.

Habari hiyo ilizitikisa London na Washington. Kila jeshi kubwa likataka glaida zake, tena upesi.

Waingereza wakaunda Horsa, ya mbao karibu yote, iliyobeba askari wasiopungua 25. Sehemu zake zilitengenezwa na viwanda vya samani, na mafundi waliozoea kuunganisha makabati na viti wakaanza kuunganisha mabawa. Marekani ikaunda CG-4A, maarufu kwa jina la Waco, ikabeba askari 13 na marubani wawili. Pua yake yote, pamoja na viti vya marubani, ilifunguka kwenda juu ili gari aina ya jipu litoke mbele. Kulikuwa na mpango wa waya na kapi uliofungwa kati ya jipu na pua: glaida ikigonga kitu na jipu likasukumwa mbele, waya ungeinua pua na marubani ili wasisagwe na gari lao wenyewe. Nadhani hakuna kifaa kinachoeleza vizuri zaidi hali halisi ya kazi hiyo. Wahandisi walijua kwamba ajali ni sehemu ya kutua.

Waco zilizotengenezwa zilikaribia 14,000. Kiwanda cha Ford kule Kingsford, Michigan, kiliunda nyingi kuliko wengine wote, na kampuni ya piano ya Steinway ikatengeneza baadhi ya vipande. Katika mji mdogo wa Greenville, kwenye jimbo hilohilo la Michigan, watoto wa shule waliuza hati za dhamana za vita hadi wakapata fedha za kununua glaida nne.

Askari waliopanda vyombo hivyo hawakuwa wamejitolea. Katika jeshi la Marekani, wanajeshi wa miamvuli walichagua wenyewe kazi yao na kulipwa posho ya hatari. Wale wa glaida walipangiwa tu, na hadi katikati ya mwaka 1944 hawakupata hata senti ya nyongeza, ingawa waliingia vitani kwa njia ileile ya angani, ndani ya chombo cha kitambaa ambacho risasi ya bunduki ilikipenya upande huu ikatokea upande wa pili. Walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Safari yenyewe ilikuwa mateso. Upepo ulioachwa na ndege iliyotangulia uliitikisa glaida bila kukoma, kitambaa kikipigapiga kwenye fremu kwa kelele iliyowalazimu watu kupiga mayowe ili wasikiane, na sakafu ikatapakaa matapishi. Kati ya glaida na ndege iliyoivuta kulikuwa na kamba ya nailoni yenye urefu wa zaidi ya mita 100, na waya wa simu ukiwa umezungushiwa juu yake ili marubani wazungumze. Mara nyingi waya huo ulikatika kabla hawajafika.

Wiki tatu kabla ya ajali ya St. Louis, Waingereza walikuwa wamepata somo lao kwa gharama isiyosemeka. Usiku wa Julai 9, 1943, glaida zaidi ya 140, nyingi zikiwa Waco, ziliondoka Tunisia kuelekea kisiwa cha Sicily. Shabaha ilikuwa daraja la Ponte Grande, kusini mwa mji wa Syracuse. Marubani wa Kiingereza walikuwa wamepewa glaida za Kimarekani wasizozizoea, na saa chache tu za kujifunza kuziendesha. Marubani wengi wa ndege zilizovuta hawakuwa na uzoefu wa kuruka usiku katikati ya moto wa mizinga. Upepo ulivuma kwa nguvu kutoka nchi kavu. Mizinga ya kutungulia ndege ilipoanza kufyatuka, wengi waliziachia glaida wakiwa bado mbali na ufuko, chini mno, wakageuza.

Glaida zaidi ya 60 zilianguka baharini. Watu wapatao 250 walizama, wakiwa wamebeba mizigo mizito, gizani, wengine wakiwa wameshikilia mabawa ya mbao hadi nguvu zikawaishia. Kanali George Chatterton, kamanda wa marubani wa glaida, aliangukia majini pia akaogelea hadi pwani. Horsa moja tu, iliyoendeshwa na Sajini Dennis Galpin, ilitua karibu kabisa na daraja. Askari wachache waliojikusanya pale, chini ya mia moja, walilishikilia daraja hadi alasiri ya siku iliyofuata. Waliobaki wazima walikuwa wanahesabika kwa vidole walipozidiwa. Muda si muda jeshi kuu likafika na kulitwaa tena daraja likiwa zima. Kwa hesabu za makao makuu, lengo lilitimia. Mimi siwezi kuliita jambo lile ushindi. Wale 250 hawakuuawa na adui, waliuawa na ratiba.

Miezi 11 baadaye, jeshi lilelile lilionyesha kwamba lilikuwa limesikia. Meja John Howard alipewa kazi ya kuteka madaraja mawili ya Normandy kabla ya uvamizi wa Juni 6, 1944: moja juu ya mfereji wa Caen pale Bénouville, jingine juu ya mto Orne, mita mia kadhaa mbali nalo. Yangelipuliwa, askari wa miamvuli ng'ambo ya mto wangebaki wamekatwa. Howard alipewa glaida sita za Horsa na muda wa kutosha. Kombania yake ilikwenda karibu na Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako kuna mto na mfereji vinavyokaribiana, ikashambulia madaraja ya huko mchana na usiku hadi kila askari akaweza kufanya kazi ya mwenzake. Marubani walirudia njia ileile zaidi ya mara 40, kwanza mchana, kisha mchana wakiwa wamevaa miwani myeusi, kisha usiku wenyewe. Walifundishwa kuhesabu: sekunde kadhaa upande huu, geuka, sekunde kadhaa upande ule, geuka tena. Dira na saa ya kuhesabia sekunde vilitosha.

Usiku ule Jim Wallwork, rubani wa glaida ya kwanza, alifungua kamba kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Kelele za injini zikatoweka. Dakika 16 baada ya saa sita usiku glaida yake iligusa ardhi na kuserereka hadi kwenye waya wa kizuizi, mita zipatazo 45 kutoka darajani. Wallwork alirushwa nje kupitia kioo cha mbele na kupoteza fahamu kwa muda. Huenda alikuwa mmoja wa askari wa kwanza wa Washirika kugusa udongo wa Ufaransa siku hiyo, na aligusa kwa kichwa. Walinzi wa Kijerumani walisikia kishindo wakadhani ni kipande cha ndege ya mabomu iliyotunguliwa. Kabla hawajauliza, askari wa Howard walikuwa wameshafika. Luteni Den Brotheridge aliongoza kundi la kwanza kuvuka daraja na akapigwa risasi. Alikufa muda mfupi baadaye. Katika dakika chache madaraja yote mawili yalikuwa mikononi mwao, ingawa glaida moja kati ya sita ilikuwa imepotea njia na kutua karibu na daraja la mto mwingine kabisa. Mkuu wa vikosi vya anga, Leigh-Mallory, alilitaja tendo lile kuwa miongoni mwa mafanikio makubwa ya urubani katika vita nzima. Hakutia chumvi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, uwanja wa vita ulio karibu zaidi na kumbukumbu za nyumbani ni Burma. Huko ndiko walikopelekwa maelfu ya askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nusu ya pili ya mwaka 1944 walisonga mbele katika Bonde la Kabaw wakati wa masika ya Kiasia, barabara zikigeuka tope, chakula na risasi vikidondoshwa kutoka kwenye ndege za uchukuzi za Dakota. Vita vya namna hiyo, ambamo jeshi zima linalishwa na kuwekwa hai kutoka angani ndani ya msitu, vilikuwa vimejaribiwa kwa kiwango kikubwa miezi michache kabla yao, na vilianza kwa glaida.

Aliyevipigania ni Jenerali Orde Wingate, ambaye mwaka 1941 alikuwa ameongoza kikosi kidogo Gojjam, Ethiopia, akimsindikiza Mfalme Haile Selassie kurudi kwake, huku KAR na wenzao wakipanda kutoka Kenya kupitia Somalia. Kule Burma, Wingate alitaka kuweka brigedi kadhaa nyuma ya mistari ya Wajapani. Mkono wake wa kuume ulikuwa kikosi cha anga cha Wamarekani chini ya Philip Cochran na John Alison, chenye glaida za Waco.

Viwanja viwili vya majani ndani ya msitu vilichaguliwa, vikapewa majina ya mitaa ya mijini: Broadway na Piccadilly. Alasiri ya Machi 5, 1944, katika uwanja wa Lalaghat, India, glaida zilikuwa zimepangwa na kamba zimetandazwa ndege ya upelelezi ilipoleta picha. Piccadilly ilikuwa imejaa magogo. Ulikuwa mtego? Adui alikuwa amejua? Wingate na mkuu wake, Jenerali Slim, walishauriana palepale kando ya njia ya ndege, muda ukiyoyoma. Wakaamua kwenda, wote Broadway. Baadaye ilibainika kwamba magogo yale yalikuwa ya misaji, yameachwa na wakata miti ili yakauke.

Kila Dakota ilivuta glaida mbili. Uamuzi huo ulikuwa wa kukaza ukanda: ndege hazikutosha. Lakini njia ilipita juu ya milima, hewa ilikuwa na ukungu mzito, na askari, kama askari wote wanaojua hakuna duka mbele, walikuwa wamejaza risasi na vyakula kupita uzito ulioruhusiwa. Kamba zikaanza kukatika. Katika glaida 60 na ushei zilizoondoka, kama nusu tu ndizo zilizofika Broadway. Nyingine zilianguka kwenye msitu, baadhi upande wa India, baadhi ndani kabisa ya eneo la Wajapani. Zile zilizoangukia huku na kule ziliwachanganya Wajapani wasijue shambulio halisi liko wapi, faida ambayo hakuna aliyeipanga.

Kutoka angani uwanja wa Broadway ulionekana laini. Chini ya majani kulikuwa na mifereji iliyochimbwa na magogo yaliyokuwa yakiburutwa na tembo mwaka hadi mwaka. Glaida za kwanza zilivunjika magurudumu humo na kulala katikati ya njia. Watu walijaribu kuzisukuma gizani, lakini jozi nyingine ilikuwa imeshaachia kamba juu yao. Glaida haiwezi kuzunguka ikasubiri. Rubani akiona mbele yake kuna mabaki na watu, anachoweza ni kupindisha kidogo akatumaini. Zikagongana, moja juu ya nyingine. Kati ya marubani waliotua salama usiku ule alikuwamo Jackie Coogan, aliyekuwa mtoto maarufu wa sinema katika filamu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1921.

Brigedia Mike Calvert, kamanda pale chini, alikuwa na maneno mawili ya siri, yote yakiwa majina ya soseji. Soseji ya nyama ya nguruwe ilimaanisha mambo ni mazuri. Ile ya soya, ambayo askari waliichukia, ilimaanisha usilete mtu mwingine. Usiku wa manane Calvert alituma ya soya. Kule Lalaghat Wingate aliipokea na kudhani kila kitu kimekwisha.

Kulipopambazuka Calvert aliwahesabu watu wake. Takriban 30 walikuwa wamekufa, wengine wengi wameumia, wahandisi wamo miongoni mwa waliopotea. Lakini mamia walikuwa wazima, Wajapani hawakuonekana, na tingatinga dogo lililoletwa ndani ya glaida lilikuwa bado linafanya kazi. Akatuma neno la pili. Mchana kutwa mafundi waliobaki na askari wakafukia mifereji, wakaburuta mabaki, wakasawazisha ardhi. Jioni ileile Dakota za kwanza zikatua kwenye njia iliyowashwa taa. Katika muda wa kama wiki moja, karibu askari 9,000 na zaidi ya baghala 1,000 walikuwa wameingizwa Burma kwa ndege. Baghala wengi walikuwa wamekatwa nyuzi za sauti ili kelele zao zisiwafichue. Punde wakafuata askari wa Nigeria wa Brigedi ya Tatu ya Afrika Magharibi. Wingate mwenyewe hakuuona mwisho: alikufa Machi 24 katika ajali ya ndege.

Glaida ziliendelea kutumika kwa wingi zaidi kuliko wakati wowote. Zaidi ya 1,000 zilivuka mto Rhine Machi 24, 1945, nyingi zikitua katikati ya moto mkali. Vita ilipokwisha hakuna aliyezihitaji. Waco mpya ziliuzwa Marekani zikiwa bado ndani ya makasha yake, na wanunuzi wengi walichukua mbao za makasha wakaitupa ndege. Kikosi cha marubani wa glaida cha Uingereza kilivunjwa rasmi mwaka 1957.

Kilichochukua nafasi ya glaida kilikuwa tayari kimefika Burma. Kikosi kilekile cha Cochran kilikuwa kimepokea helikopta chache za Sikorsky, dhaifu, zenye injini iliyochemka haraka katika joto la msituni. Mwishoni mwa Aprili 1944, wiki saba hivi baada ya usiku wa Broadway, ndege ndogo ilianguka nyuma ya mistari ya Wajapani ikiwa na rubani Mmarekani na majeruhi watatu wa Kiingereza. Luteni Carter Harman alitumwa na helikopta moja. Haikuweza kubeba zaidi ya mtu mmoja kwa safari, na katikati injini ililazimika kuachwa ipoe. Kwa siku mbili Harman alikwenda, akatua, akapakia mmoja, akapaa, akarudi tena, mpaka akawatoa wote wanne.